Minazi Saba ya Kona ya Bi Mejumaa

Vijana wenzangu wa barabara,

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni, na kila asubuhi inaniambia kwamba sina pa kwenda. Mlinitaka pia niandike kidogo juu ya jinsi tulivyoifanya kazi zamani, kabla ya lami kufika kusini mwa Likoni. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilivipata vichache na kwa kuchelewa. Nitaandika juu ya kona moja, iliyoko baina ya Ukunda na Msambweni, kwa sababu kona ile ndiyo iliyonifundisha kazi, na kwa sababu mpaka leo sijaacha kuiota.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Ofisi ilikuwa juu Kwale. Kutoka kwetu Tiwi nilikwenda kwa miguu mpaka Kombani, kisha nikaupanda mlima na vyeti vyangu ndani ya kikapu cha mama. Bwana Injinia, Mzungu mpole aliyeliogopa jua kuliko alivyowaogopa wakubwa zake, alivisoma, akanitazama mikono, akaandika neno moja kwenye daftari lake. Mpaka leo silijui neno lile. Kisha akanikabidhi kwa nyapara wa barabara, Mzee Kombo, na hapo ndipo nilipoajiriwa kwa kweli.

Mzee Kombo alikuwa mtu wa Msambweni, mrefu, mkavu, mchache wa maneno mpaka umkosee. Viatu alikuwa navyo, lakini alivivaa Ijumaa tu. Siku nyingine alitembea pekupeku katikati ya barabara, akasimama ghafla, akasema, "Hapa pamezama," nasi tukiweka pima maji tunakuta pamezama kweli, upana wa kidole. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: mnyororo wa kupimia, mambo, yaani vigingi vya kupigilia chini, vijiti virefu vya rangi nyekundu na nyeupe, na darubini ya miguu mitatu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila Bwana Injinia mwenyewe. Mzee Kombo aliongeza kata ya maji. Alimwaga maji kwenye mgongo wa barabara akayafuata kwa macho yanakokwenda. "Maji hayamwogopi Bwana Injinia," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Yatakwambia kweli."

Kazi yangu ya wiki zile za mwanzo ilikuwa kushika kijiti na kusimama wima juani. Nilidhani ni kazi ya kipumbavu. Baadaye nilifahamu kwamba aliyesimama pale mwisho wa mnyororo ndiye pekee anayeiona barabara kama itakavyoonekana na mwenye kuipita, nyie mnaokaa na karatasi ofisini mnisamehe. Mzee Kombo aliniuliza kila jioni nimeona nini. Nikijibu kwamba sikuona kitu, kesho yake nilishika kijiti tena.

Gari likianguka tulikuwa tukiitwa, ili tutengeneze kilichoharibika. Askari alimwuliza dereva alikuwa katika mwendo gani, na dereva akaapa kwa jina la Mungu kwamba alikuwa akienda polepole. Mzee Kombo hakuuliza habari ya mwendo. Alimtafutia dereva kivuli, akampa maji, akangoja mpaka pumzi imrejee, kisha akamwuliza, "Ulikuwa ukiangalia nini, mwanangu?" Swali hilo halikuandikwa katika fomu yoyote ya serikali. Hata hivyo kwa swali hilo tulihamisha kibao, tukakata kichaka, na mahali pamoja tukamwomba mwenye duka ahamishe bati lake jipya lililokuwa likiwamulika watu machoni saa za alasiri.

Sasa nije kwenye kona yenyewe. Ukitoka Ukunda kuelekea kusini ulikuwa unapanda kilima kifupi cha mawe ya matumbawe, kidogo hata mwenye baiskeli hukilaani kwa muda mfupi tu. Ukishafika kileleni, barabara ilikata kushoto kwenda kwenye kalvati, bomba la kupitishia kijito chini ya barabara. Zamani haikuwa hivyo. Zamani njia ilinyooka moja kwa moja kutoka kilimani mpaka kivuko cha kijito, na miaka mingi kabla sijaajiriwa mafuriko yakakibomoa kivuko kile. Wakubwa wakaamua kuihamisha njia kushoto, penye ardhi ngumu. Njia ya zamani ikaota majani, ikawa shamba la Bi Mejumaa, mjane wa pale.

Magari kadhaa yalikuwa yamekwisha kuanguka pale, na yote kwa namna moja. Yalifika kileleni, yakaiacha barabara, yakanyooka mbele mpaka kijitoni. Hakuna hata moja lililoacha alama ya breki. Watu wa pale walisema kuna jini. Walichinja mbuzi mweusi, wakapika wali, wakasoma dua. Mimi wali ule niliula mara mbili, na sina la kuulalamikia.

Bwana Injinia alitutuma tuikague kona. Tuliipima kutwa nzima. Upande wa nje wa kona lazima uwe juu kidogo kuliko wa ndani, ndipo gari lisivutwe nje, na ule wa pale ulikuwa juu inavyotakiwa. Mviringo wake ulikuwa mpana. Maji ya Mzee Kombo yalikwenda yalikotakiwa kwenda. Tuliandika kwamba kona haina kasoro, tukaweka kibao chenye mshale chini ya kilima, na baada ya wiki moja vumbi likakifunika. Madereva waliokisoma walikuwa wale wanaokwenda polepole, ambao hawakukihitaji.

Ni kwa sababu ya kukipangusa kibao kile ndipo nilipomfahamu Riziki, mtoto wa mwisho wa Bi Mejumaa. Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa kijito, na mimi nilikuwa nikienda kuomba maji ya kupangusia. Kibao kilihitaji kupanguswa mara moja kwa wiki. Nilikipangusa mara tatu.

"Leo kibao kimechafuka tena?" Riziki aliniuliza siku moja, akiwa mlangoni na ndoo mkononi.

"Vumbi la huku ni baya sana," nikasema.

"Huku tu? Kwenu Tiwi barabara ni ya marashi?"

Mama yake akacheka ndani. Nilirudi kilimani na ndoo tupu, maana nilisahau kwamba nilikwenda kuchota maji. Mwezi uliofuata ami yangu alipeleka posa kwa baba mkubwa wa Riziki aliyekaa kijiji cha Waa, kwa kuwa babake alikwisha kufariki na baba mkubwa ndiye walii wake wa kumwozesha. Tukaambiwa jibu litatoka baada ya mavuno. Sikumbuki kipindi kingine maishani mwangu ambacho nilikuwa na furaha kama miezi ile ya kungoja.

Lazima niwaeleze habari ya minazi, kwa kuwa baadhi yenu ni watu wa bara. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikikatika huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi huo ni wake. Bi Mejumaa alizaa watoto saba na alikuwa na minazi saba. Sita ilisimama kwa safu upande wa kulia wa ile njia ya zamani, kuanzia karibu na kilima mpaka ukingoni mwa kijito. Safu ilipojaa akazaliwa Riziki, na kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kuachwa, mnazi wake ulipandwa ng'ambo ya njia hiyo, upande wa kushoto, peke yake. Watoto watatu kati ya wale saba walikuwa wamekufa. Bi Mejumaa alipita kwenye minazi yao asubuhi akiwataja. "Athumani mwaka huu amezaa vizuri," alisema, na Athumani alikuwa kaburini tangu utotoni.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali atapita kuelekea Vanga. Tukaamrishwa mawe yote na miti yote iliyo kando ya barabara ipakwe chokaa, kuanzia Likoni. Mimi nilipewa kipande cha kilima kile. Nilipaka mawe, nikapaka miti, na nilipofika kwa Bi Mejumaa nikapaka minazi yake sita pia, ingawa haikuwa kando ya barabara ila kando ya njia isiyokuwapo tena. Nilitaka kumfurahisha mama mkwe, basi. Alitoka akatazama akasema minazi yake imekuwa askari wa gwaride.

"Wee Juma," Riziki akaniita kutoka ng'ambo ya njia, "na wangu umeuacha?"

"Wako hauko kando ya barabara."

"Na hiyo ya ndugu zangu iko kando ya barabara gani?"

Nikavuka na ndoo yangu. Nikaupaka wake kwa uangalifu kuliko yote, kutoka chini mpaka usawa wa kifua changu, mara mbili, ili usichuje. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa akaniambia ninapopasahau. Hiyo ndiyo siku ninayoitamani nikiamka na kuisikia saa yenu, na ndiyo siku niliyofanya kosa kubwa kuliko yote katika kazi yangu.

Mkubwa alipita kwa kasi, na nadhani alikuwa amelala. Haikufika siku kumi, lori la mbata, nazi zilizokaushwa, likafika kileleni mchana kweupe, likanyooka mbele, likapita baina ya ile minazi sita na ule mmoja, likaingia kijitoni kichwa chini. Juu ya mzigo alikuwa amekaa mtu wa Waa, mfanyabiashara wa kuku. Tulimtoa chini ya magunia. Alikuwa amekwisha kufa, na kuku wake wawili walikuwa hai wakipiga kelele ndani ya tenga. Bi Mejumaa alileta kanga yake akamfunika.

Dereva alikuwa amevunjika mkono. Mzee Kombo alimpa maji, akangoja, akamwuliza swali lake.

"Niliona miti myeupe, mzee," dereva akasema. "Huku imesimama mingi na huku umesimama mmoja. Nilidhani njia inapita katikati. Wallahi niliiona njia."

Niligeuka nikaitazama chokaa yangu. Mzee Kombo hakunitazama. Alinitazama baadaye, tulipokuwa peke yetu, nami nikamweleza yote, pamoja na kwamba mnazi wa mwisho niliupaka kwa kuwa msichana aliniomba.

"Umeua mtu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na wale walioanguka kabla ya chokaa, aliwaangusha nani? Wewe uliipaka miti rangi tu. Kitu chenyewe kilikuwapo. Acha kulia, tukakitafute."

Bwana Injinia alipoisikia habari ya miti, alitoa amri fupi: minazi yote saba ikatwe, mwenyewe alipwe fidia. Kilima hakuweza kukipunguza mwaka ule, kwa kuwa ni jiwe tupu. Mzee Kombo akamwomba siku chache tupime kama yote saba ina hatia. Bwana Injinia alimtazama kama mtu aliyeombwa kuihukumu miti mahakamani, lakini alikubali.

Kwanza tuliisugua chokaa kwa magunzi na mchanga. Halafu Mzee Kombo akaliegesha lori letu kileleni kabisa, akaniweka kwenye kiti cha dereva. Ukikaa pale hukuiona barabara, maana kilima kiliificha kona, ila ukingo wake mdogo upande wa kushoto. Uliona mawingu, na vilele vya minazi, na vigogo vyake: sita kulia na mmoja kushoto. Hata bila chokaa, hata mimi niliyeijua kila changarawe ya pale, macho yangu yalinionyesha lango na njia ipitayo langoni.

"Fumba jicho moja," Mzee Kombo akasema akiwa amesimama kwenye ubao wa kupandia garini, pembeni yangu. "Nyosha mkono. Ufiche mnazi mmoja kwa kidole gumba, uniambie njia imekwenda wapi."

Nikaificha ile sita, mmoja mmoja. Hapakubadilika kitu, bado njia ilinyooka mbele. Kisha nikauficha ule wa kushoto. Lango likavunjika palepale. Ile sita ikawa minazi ya shambani kwa mtu, na macho yangu, yasiyo na pa kwenda, yakaanguka kushoto yakauona ukingo mwekundu wa barabara ukikata kona. Nikaondoa kidole, lango likarudi. Nikakirudisha, likatoweka.

"Upi?" Mzee Kombo akauliza.

Nilisema sina hakika. Nilishuka nikapanda tena. Nilirudia asubuhi, na adhuhuri, na alasiri kivuli kilipogeuka, na kesho yake nikarudia tena. Mzee Kombo aliniacha. Alijua ni mnazi wa nani, maana kila mtu alijua nilikopeleka posa. Angeweza kukaa mwenyewe kwenye kiti kile akamaliza kazi kwa dakika moja, lakini alikaa chini ya lori akitafuna tambuu. Siku ya pili jioni nikamwambia, "Ni wa Riziki, mzee. Ile sita ibaki."

"Ungeweza kuniambia ni yote saba," akasema. "Bwana ameshaamrisha. Lawama ingekuwa yake, wala si yako."

"Najua."

Aliniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala hakulifanya tena.

Asubuhi tulikwenda kwa Bi Mejumaa. Tukapiga hodi, tukamwamkia, tukakaa mkekani, na Mzee Kombo akamweleza polepole. Bi Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Nimezika watoto watatu, Kombo," akasema. "Miti yao ndiyo ninayozungumza nayo. Leo unaniambia mti wa huyu aliye hai unaua watu?"

"Sikwambii kwa kupenda, dada."

"Basi nipelekeni nikaone. Sikatiwi mti kwa maneno."

Tukampandisha lorini. Sijui kama aliwahi kukaa mbele ya gari kabla ya siku ile. Alijivuta mpaka kwenye kiti cha dereva, akauweka sawa ukaya wake kichwani, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Mzee Kombo akamfundisha habari ya jicho na kidole. Bi Mejumaa akakinyosha kidole gumba chake kilichopinda kwa kukuna nazi miaka yote, akaanza kuificha minazi kwa zamu, na kila aliouficha aliutaja jina lake kwa sauti ndogo. Alipofika kwa Riziki hakulitaja jina. Akauficha. Akauficha tena.

"Naiona njia inakuja shambani kwangu," akasema hatimaye. "Nikimficha huyu, haiji." Akashusha mkono. "Mti si wangu. Mwenyewe yupo nyumbani, kamwulizeni."

Riziki alikuwa akitwanga. Aliuacha mchi aliponiona uso.

"Nani aliyepima?" akaniuliza mimi, si mwingine.

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi kuliko inavyotakiwa."

"Na kila mara wangu?"

"Kila mara wako."

Akautazama mnazi wake. Ulikuwa umeanza kuzaa miaka michache tu iliyopita, na ulikuwa na dafu changa. "Yule mtu wa Waa alikuwa na watoto," akasema. "Ukateni."

Aliyepima ndiye aliyeanza kukata. Huo ulikuwa utaratibu wa Mzee Kombo, na hakunisamehe. Nilipiga shoka mara ya kwanza, na wenzangu wakamaliza. Ulianguka upande wa kijitoni bila kumgusa mtu. Mnajua, au pengine hamjui, kwamba mnazi ukikatwa hauachwi hivihivi. Kule juu kabisa, ndani ya makuti machanga, mna moyo wake, mweupe, mlaini, na huo hutolewa ukaliwa na waliopo, kwa kuwa mnazi hukatwa mara moja tu na moyo wake haupatikani kwa njia nyingine. Riziki aliukatakata mwenyewe kwa kisu, akaupanga kwenye sinia, akatembeza. Alianza kwa Mzee Kombo, akaenda kwa vibarua, akamalizia kwangu.

"Kula," akaniambia.

Sikutaka. Lakini kukataa kungekuwa kumtupia chake, basi nikala. Ulikuwa mtamu. Ninaona haya kuandika hivyo, lakini ulikuwa mtamu kweli, na yeye alisimama mbele yangu akaniangalia mpaka nikameza.

Baada ya mavuno baba mkubwa alituma jibu la posa. Hakukuwa na maneno mabaya. Alisema tu kwamba Bi Mejumaa hawezi kumpa binti yake mtu aliyeutia shoka mnazi wa binti huyo huyo, maana kila ugomvi wa nyumbani utaanzia kwenye kisiki kile. Nilikwenda kijitoni nikamkuta Riziki anafua.

"Na wewe wasemaje?" nikamwuliza.

"Nasema hivyohivyo."

"Ningalidanganya ingalibaki posa."

"Ungalidanganya na nisingalijua, ningalikuwa mkeo," akasema. "Ungalidanganya na nikajua, nisingalikutazama. Hukudanganya, na kila nikikutazama nauona umelala chini. Unaona mwenyewe, hapana njia." Akaikamua nguo, akaiweka ndooni. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo, "Nimekupa mnazi, Juma. Usinitake na mimi."

Kazi haikusimama. Tulichimba mitaro, tukapanda mawe upande wa nje wa kona ili macho yapate cha kushika, na magari yakapita. Nami kila nilipofika kileleni nilipatazama pale kushoto pasipokuwa na kitu. Magari hayakuanguka tena. Hakuna aliyetushukuru, kwa sababu mtu hamshukuru mwingine kwa ajali ambayo haikumpata, na hilo mlizoee mapema. Mbuzi hawakuchinjwa tena pale, na wapo waliosema dua ndiyo iliyofanya kazi. Sikubishana nao.

Mwaka uliofuata Riziki aliposwa na mtu wa Vanga. Harusi ilikuwa Waa kwa baba mkubwa, na siku ya tatu wakakodi basi limpeleke bibi harusi kwa mumewe. Sisi siku ile tulikuwa kilimani, tukipima mtaro uliomomonyoka. Nililisikia basi kabla sijaliona, kwa ajili ya vigelegele. Mzee Kombo akaniambia nishuke nikachukue mambo nyingine chini ya kilima. Nilimwelewa, lakini sikushuka.

Basi likapanda kilima, likatokea kileleni limejaa wanawake, Bi Mejumaa akiwa dirisha la mbele. Riziki alikuwa nyuma yake. Uso wake ulikuwa umefunikwa, lakini mkono wake ulikuwa umeshika chuma cha dirisha, umetiwa hina mpaka kifundoni, na mkono ule ningeutambua popote. Dereva alikuwa mgeni, sijawahi kumwona akipita pale. Aliyainua macho yake, na macho yakaenda kushoto yanakotakiwa kwenda, na basi likayafuata, likakata kona laini kabisa, kwa mwendo uleule, mpaka ng'ambo ya kalvati.

"Alhamdulillahi," Mzee Kombo akasema. "Sasa hiyo ndiyo kona."

Nilisimama pale na mnyororo mkononi, vumbi likanishukia, nikamshukuru Mungu kwa kuwa wote mle ndani watafika salama. Na wakati huohuo, vijana wangu, nilitamani kwa moyo wangu wote barabara ile ningaliiachia kasoro moja ndogo, kiasi tu cha kumfanya dereva apunguze mwendo mbele yangu.